Jungu la Digrii Sitini na Sita

3 Machi

Mkwe,

Salamu nitakutumia siku jungu lako litakapoanza kufanya kazi.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huwa mkononi mwa mkeo, mkeo ni binti yangu, na binti yangu tangu azaliwe hajawahi kuhifadhi neno zaidi ya nusu siku. Barua hii anakuletea dereva wa lori la magodoro. Mpe maji ya kunywa, usimpe hadithi.

Bia ya kwanza ya jungu lako la umeme imetoka. Ni tamu na haina nguvu. Mzee wa duka la viatu, ambaye amekunywa bia yangu tangu nikiwa na meno yote, alimeza funda moja akaniuliza, "Mama, siku hizi unapikia wagonjwa?" Miaka thelathini na moja nimepika kwa kuni pale uani, na haijanirudia hata chupa moja. Kisha mwenye nyumba akapiga marufuku moshi, binti yangu akasema, "Mume wangu atakutengenezea la umeme," na wewe, kwa kuwa hujawahi kuiacha nafasi ya kuonekana mtu wa maana, ukatengeneza.

Masharti aliyoniwekea mkeo unayajua. Mapishi matatu. Likitoka zuri hata moja, nabaki kwangu. Nikiharibu yote matatu, ina maana siwezi tena kuishi peke yangu, nafunga vyumba vyangu na kuhamia kwenu. Bia ndiyo inayonilipia kodi hapa, na sina mpango wa kuzeekea nyuma ya karakana yako nikisikiliza nyundo.

Pishi la kwanza limekwenda. Jungu lako linasema uongo kuhusu joto. Lirekebishe.

Mama yake mkeo


11 Machi

Mama mkwe, shikamoo.

Dereva alikunywa gilasi mbili za maji na hakupewa hadithi yoyote.

Jungu halisemi uongo, mama, halina mdomo. Lina koili chini, lina pampu ndogo ubavuni inayovuta maji ya chini na kuyamwaga juu ya kimea, na lina kijiti cha kupima joto kinachopeleka habari kwenye kile kisanduku chenye taa nyekundu. Joto likishuka chini ya sitini na sita, koili inawaka. Likifika, inazima. Mtoto wa darasa la tatu angeliendesha.

Sasa nisikilize kama ulivyokuwa ukimsikiliza marehemu baba mkwe, ila safari hii nimalize sentensi. Kimea kinataka digrii sitini na sita kwa saa nzima. Hapo ndipo wanga wake unageuka sukari ambayo hamira inaweza kuila. Ukizidisha moto, unapata sukari ambayo hamira haiiwezi, inabaki ndani ya bia, na mzee wa viatu anapata uji. Kwa hiyo pasha maji mpaka sabini na moja kwanza, maana kimea kikavu ni baridi na kitayashusha. Mimina huku unakoroga, funika, washa pampu, halafu ondoka. Ondoka kabisa. Kila ukifunua kuchungulia, juu kunapoa, chini koili inahangaika, na joto halitulii. Nakufahamu, mama. Wewe hata chai huiachi ichemke peke yake.

Na kuhusu kuhamia kwetu: tuna vyumba viwili, na cha mbele kimejaa mota za wateja. Nina kila sababu ya kutaka ufanikiwe.

Mkwe wako, fundi


20 Machi

Mkwe,

Marehemu mume wangu usimtaje kwenye barua ya koili.

Umenieleza kimea kana kwamba nimeanza kukiona juzi. Kabla hujajua kufunga kamba za viatu nilikuwa napima joto lake kwa kidole changu cha shahada, kama alivyonifundisha mama yangu. Unakipitisha kwenye maji mara tatu. Ya kwanza kinavumilia, ya pili kinalalamika, ya tatu kinakataa chenyewe. Kikikataa, mimina kimea. Hakuna taa wala kisanduku.

Jana nililipima jungu lako kwa maji matupu, nisipoteze pishi. Kisanduku kikaandika sabini na moja. Nikapitisha kidole mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne ya nyongeza. Wapi! Maji ya kumwogeshea mtoto. Ndiyo maana lile pishi la kwanza nilizungusha kitufe mpaka sabini na nane, na hata hapo kidole kilikuwa bado kinasubiri. Pampu ikaanza kukoroma, uji ukaganda chini, nikausugua siku mbili.

Siku ile ulipokuja kwangu kujitambulisha uligusa swichi ya sebuleni na mtaa mzima ukaingia giza. Nilimwambia binti yangu, huyu hajui umeme, ni umeme unaomjua yeye. Akacheka. Miaka tisa baadaye nacheka mimi.

Tuma kisanduku kingine.

Mama yake mkeo


29 Machi

Mama mkwe, shikamoo.

Sabini na nane! Umekiua kimea kwa mikono yako, kisha ukaniandikia mimi barua ya malalamiko. Niliposoma nilitoka nje nikakaa kwenye tairi mpaka moyo utulie. Kwa joto hilo hamira haipati cha kula. Na lile giza lilitokana na transfoma ya mtaa, jambo ambalo nimelieleza kila mwaka tangu siku hiyo.

Kisanduku situmi. Natuma kipimajoto cha kioo. Hakina waya wala betri, kwa hiyo huwezi kusema nimekichezea. Kitumbukize katikati ya kimea, usubiri dakika tatu. Kikitofautiana na kisanduku, nitapanda lori la magodoro mimi mwenyewe nije kukuomba radhi mbele ya mwenye nyumba wako. Vikikubaliana, basi anayesema uongo ni kidole chako, na hilo utalikiri kwa maandishi.

Mkwe wako, fundi


14 Aprili

Mkwe,

Pishi la pili nimelimwaga. Usifurahi.

Nilifanya kila ulichosema mpaka ikafika kwenye kupima. Kisanduku: sitini na sita. Kioo chako: sitini na sita. Mmepanga. Mshtakiwa analeta mashahidi wawili, wote wa nyumbani kwake. Nilipitisha kidole mara tatu, kimya. Nikaingiza viwili, nikaviacha humo humo, nikahesabu mpaka ishirini huku natazama dirishani jinsi mke wa kinyozi anavyoanika mashuka bila kuyakung'uta. Ishirini, mkwe! Nikapandisha mpaka sabini na mbili, nikahesabu ishirini nyingine. Vuguvugu. Nikapandisha tena.

Tayari naonja utamu ule ule wa uji. Limebaki pishi moja. Mkeo amenipigia kuniambia ameshanunua kitanda cha futi tatu, eti kitaenea chini ya rafu ya mota. Alikuwa na furaha. Sijui nilimkosea nini.

Mwandiko usiukebehi. Kalamu ni mbovu.

Mama yake mkeo


18 Aprili

Mama,

Barua yako nimeisoma mara nne, na ya nne sikuwa na hasira tena.

Nimepasha maji hapa karakana mpaka sabini na mbili nikatia kidole changu. Nilisema moja, sikufika mbili. Mimi nina vidole vya fundi, vimeshikwa na umeme na moto wa kuchomelea tangu nina miaka kumi na sita, na sikufika mbili. Hivi ninavyoandika kinapwita.

Wewe umehesabu ishirini, mara mbili, ukitazama mashuka ya watu.

Vidole vyako vina nini? Na ule ugonjwa wako wa sukari ukoje? Nijibu hayo tu. Matusi yawekee barua nyingine.

Fundi


23 Aprili

Mkwe,

Vidole vyangu vina kucha, moja kila kidole. Unataka nini kingine?

Umeshindwa kutengeneza jungu, sasa unatengeneza mgonjwa. Uliingia kwenye familia hii na bisibisi moja na suruali moja, nikakulisha, nikakusifia kwa watu waliokuwa wakicheka. Sukari ninayo mwaka wa sita, na dawa nameza nikikumbuka, kama watu wote. Usinifanyie udaktari. Kazi yako ni waya.

Mama yake mkeo


2 Mei

Mkwe,

Hujajibu. Nilitaka usijibu, na bado nimekaa siku tisa nikisikiliza lori.

Nitaandika hili mara moja tu. Tangu mwaka jana sivihisi vidole vya mkono wangu wa kulia. Vilianza kwa ganzi ya asubuhi, nikadhani nimevilalia. Siku hizi kifungo cha blauzi nakifunga kwa kukitazama, na sindano ikinichoma najua kwa kuona damu. Hata wakati wa kuni nilikuwa najiunguza, nikawaambia watu ni moshi, sioni vizuri. Mapishi yale ya mwisho yalitoka kwa kusikiliza maji yanavyoanza kuimba, na kwa bahati.

Vile viwili nilivyoviloweka vilitoa malengelenge makubwa, yakapasuka. Nimevifunga kitambaa. Haviumi, na hilo ndilo linaloniogopesha. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Binti yangu akijua, hatasubiri pishi la tatu. Atakuja na gari anibebe kama godoro. Kwa hiyo utanyamaza. La tatu nitalipika kwa namba zako, mikono mfukoni, na pipa likifunguliwa mwezi wa sita bia ikawa bia, nabaki kwangu. Ukifungua mdomo nitasema ni jungu lako lililoniunguza, na kati yangu na wewe unajua ataamini nani.

Mama yake mkeo


9 Mei

Mama mkwe, shikamoo.

Nimewahi kutishwa na mteja mwenye panga, ila hakuwa na mwandiko mbaya kama huu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe unataka mimi niwe pazia lako.

Haya, nitanyamaza mpaka pipa lifunguliwe. Vitisho vyako havijanitisha. Nakubali kwa sababu mtu aliyepika miaka thelathini na moja anastahili pishi moja la haki, na kwa sababu kile kitanda nimekilalia, hakifai hata kwa adui. Masharti yangu ni mawili. Kesho nenda zahanati wakuoshe hivyo vidole na wapime sukari. Na kuanzia leo ngozi yako isiguse maji ya jungu. Taa ikisema sitini na sita ni sitini na sita, hata roho yako ikisema ni baridi. Ubavu wa jungu uzungushie blanketi, chini kwenye koili pawe wazi. Usifunue kwa saa nzima. Mikono ikikuwasha, nenda ukamkosoe mke wa kinyozi ana kwa ana.

Ahadi ni deni, mama. Yangu umeipata, nangoja yako.

Mkwe wako, fundi


22 Mei

Mkwe,

Nimepika jana. Maji sabini na moja, kimea, koroga, funika. Joto likashuka, likatua sitini na sita, likakaa. Nilisimama na mikono kwenye mifuko ya aproni, nikajiona kama jirani aliyekuja kuomba chumvi jikoni kwangu mwenyewe. Taa inawaka, taa inazima, mtu hana la kufanya. Sijawahi kuichukia kazi yangu kama nilivyoichukia jana. Hivi ndivyo unavyoishi wewe kila siku?

Leo asubuhi hamira imetoa mapovu mpaka kwenye kifuniko, na harufu ni yenyewe. Pipa tunalifungua tarehe kumi Juni. Mzee wa viatu amesema atakuja na gilasi yake kutoka nyumbani, maana zangu hazina tena heshima.

Zahanati sijaenda. Foleni ni ndefu na kazi ilikuwepo. Kidole cha shahada kimekuwa cheusi kuanzia nchani, nadhani ni ngozi ya zamani inatoka. Kinanuka kidogo. Nimebadilisha kitambaa. Usinyanyue nyusi, zimebaki wiki tatu tu.

Mama yake mkeo


Chumba cha mbele, chini ya rafu ya mota
14 Juni

Mkwe,

Najua uko karakana, nyundo naisikia. Kati yetu kuna ukuta mmoja na mlango mmoja, lakini kwa mdomo sitasema nawe. Karatasi hii atakupitishia binti yangu.

Siku nne baada ya barua yangu alikuwa mlangoni kwangu na gari la kukodi. Hakuuliza kitu. Alifungua kile kitambaa mbele ya mwenye nyumba, akapiga ukelele ambao sikuusikia hata alipofiwa na baba yake. Hospitali wamekata kidole cha shahada chote na nusu ya kile cha kati. Daktari akasema ningechelewa siku chache zaidi ungekuwa mkono mzima. Alisema huku anatabasamu, kama mtu anayenipa zawadi.

Uliahidi. Uliandika mwenyewe, na barua ninayo.

Leo dereva wa magodoro ameniletea chupa. Mzee wa viatu alifungua pipa tarehe kumi kama tulivyopanga, akaketi peke yake uani akanywa. Nimeonja. Ni bia yangu. Kavu, ina nguvu, na ule uchungu unakuja mwishoni, pale pale unapotakiwa kuja. Nilishinda, mkwe. Nimeshinda nikiwa nimelala kwenye kitanda cha futi tatu, na vyumba vyangu vina kufuli. Ungenyamaza wiki mbili tu.

Sitakula chochote ambacho wewe umekinunua. Mwambie mkeo anitenganishie.

Mama yake mkeo


Karakana
15 Juni

Mama,

Ndiyo, ni mimi. Niliposoma "kinanuka kidogo" niliingia ndani na grisi mikononi nikamwambia kila kitu. Ningepewa nafasi nyingine ningesema mapema zaidi, siku ile ya kuhesabu ishirini. Ile ahadi ilikuwa ya kijinga, na nilijua ni ya kijinga nilipokuwa naiandika. Sikutaka uje kukaa hapa, basi nikakuacha uoze kidole ili nibaki na chumba changu. Ukitaka kunichukia, nichukie kwa hilo. Kwa kuvunja ahadi hunipati.

Na unavyonichukia unanimaliza. Siku kumi tu hapa tangu utoke hospitali, umeshamfundisha mke wangu upya kukunja mashuka, umemwambia mteja wa mota ya kisima kwamba mimi bado najifunza, na chakula changu unakitazama kama kimetoka jalalani.

Leo asubuhi nimegombana na mke wangu kwa ajili yako. Hatujawahi kugombana hivyo. Nilimwambia, "Masharti uliyaweka wewe. Pishi moja likitoka, mama anabaki kwake. Limetoka, umelinywa, umelamba na midomo. Mimi nimevunja neno langu. Na wewe ukivunja lako, mama ataishi na waongo wawili nyumba moja." Amelia sana. Kisha amekubali. Muuguzi wa zahanati atakupitia kila baada ya siku moja, dawa utameza mbele yake, na glavu ndefu za mpira zitaning'inia juu ya jungu. Jumamosi nakurudisha.

Usidhani nimekupenda. Rafu yangu naitaka.

Fundi


30 Juni

Mkwe,

Nimefika na nimezoea. Njia nzima hukusema neno, nashukuru. Muuguzi ni msichana anayetafuna maneno, lakini mkono wake ni mwepesi, na jeraha limefunga. Mwenye nyumba ameniuliza imekuwaje mkwe wangu akawa mtu mwema ghafla. Nimemwambia ni shida ya chumba.

Leo asubuhi nimewasha jungu. Nilipokuwa tayari kumimina kimea, mkono wa kulia ulinyanyuka wenyewe kwenda majini, na vidole vyake vilivyobaki. Niliushika kwa wa kushoto nikaushusha. Nikavaa zile glavu, nikamimina, nikafunika. Kisha nikavuta kiti, nikakaa mbele ya kisanduku chako saa nzima bila kuondoa macho.

Niliomba kikosee, mkwe. Hata mara moja, hata kwa digrii mbili, nipate kusema kwamba mwaka huu wote nilikuwa sahihi mimi, na wewe ni fundi mbovu, na kidole changu kilikatwa kikiwa kinasema kweli.

Kilikaa sitini na sita. Hakijawahi kunidanganya hata siku moja, na hilo ndilo ninaloshindwa kukusamehe.

Mama mkwe wako